Orodha ya Wasiojiweza

Jumatatu, 3 Juni
Ofisi ya mtaa inatupanga madaraja matatu: wanaojiweza, wanaojikongoja na wasiojiweza. Wasiojiweza watavutiwa bomba la maji hadi uani, bure! Mimi ni fundi redio, nina mikono miwili na kochi la watu watatu. Kochi nimelificha kwa jirani. Nimevaa shati la kudekia. Dada yangu, ninayeishi naye, anasema nina wazimu. Yeye ndiye anayebeba ndoo, lakini shukrani hana.

Jumanne, 4 Juni
Karani wa mtaa amekuja na fomu. Nikakohoa. Akauliza kama najiweza. Nikasema sijiwezi hata kidogo. Akaandika! Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mpenda sifa yule, amejitapa mpaka akawekwa kwa wanaojiweza. Basi na achote maji mpaka kiama. Nimecheka hadi mbavu zinauma.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Orodha imebandikwa ukutani, mimi wa kwanza: HAJIWEZI. Na Jumamosi mjomba anakwenda kuniposea yule mshonaji wa kona, ambaye nimempenda miaka miwili, nikimpelekea suruali nzima azishone upya. Shangazi yake ameisoma orodha, akamfuata mjomba dukani.

"Hajiwezi kwa upande gani?" akamuuliza, mbele za watu.

Mjomba, badala ya kunitetea, akasema hilo hajawahi kuniuliza. Kinyozi anamsimulia kila anayemnyoa.

Alhamisi, 6 Juni
Nimemwomba karani anihamishe daraja. Amesema niandike barua, jibu mwezi ujao. Mwezi ujao! Nikatafuta njia ya mkato. Nimebeba mfuko wa saruji begani, nikapita mbele ya cherehani ya mshonaji. Hakuinua macho. Nikapita tena, nikipiga mluzi. Mara ya nne akanitazama, na kiuno changu kikalia kwach. Nimerudishwa nyumbani kwa mkokoteni. Aliyeusukuma ni kinyozi, kwa madaha, polepole, barabara nzima.

Jumamosi, 8 Juni
Siku ya posa, nami niko kitandani. Mshonaji alikuja na shangazi yake kunijulia hali, wakamkuta dada ananilisha uji kwa kijiko. Karani naye akapita kuhakiki. Alinitazama, akaweka alama ya vema. Shangazi akamvuta mkono mpwa wake, wakaondoka. Mjomba hakwenda kokote. Moyo unaniuma kuliko kiuno. Mafundi wa bomba wamemaliza kazi uani, na dada anaimba.

Jumatatu, 10 Juni
Nimesimama! Kwa fimbo, lakini nimesimama. Karani ameanza orodha nyingine, ya wajane na wagane. Mimi sijawahi kuoa, ila karani hajui hilo. Na shangazi akisikia kwamba nimewahi kuwa na mke ndani ya nyumba, wasiwasi wote utamwisha. Dada amekataa katakata kuja kulia mbele ya karani. Si kitu, nitalia mwenyewe. Nimeanza kumtafutia marehemu jina.