Mjusi wa Kwanza, wa Pili na wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata habari njema leo, na imenikasirisha kuliko habari mbaya zote za mwezi uliopita.

Mjane wa mhandisi, yule wa nyumba yenye geti la kijani mtaa wa juu, anauza magari ya marehemu. Magari yale! Matatu, yote ya Kiitaliano, yote Lucertola, milango miwili, yamelala chini kama yananusa lami. Marehemu alikuwa na la kwanza, la pili na la tatu, yaani kila toleo lililowahi kutoka kiwandani. Miaka kumi na moja nimepita pale nikienda kazini, shingo imenipinda kwa kuchungulia. Mjane anauza mawili. Moja anabaki nalo.

Hasira inatoka wapi? Aliyeniletea habari ni shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno. Aliisema huku akipangusa miwani, kama mtu anayetaja kuwa mvua imenyesha. Kisha akaongeza kwamba na yeye anafikiria kulitazama moja. Anafikiria! Mtu ambaye kwenye mzunguko wa barabara husubiri hadi wasafiri wote duniani wapite.

Akanifahamisha pia kwamba lucertola kwa Kiitaliano ni mjusi. Sikumwuliza.

Mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari ya hesabu ya wanafunzi wake. Akanyanyua kichwa, akauliza kama mjane hajambo. Basi. Mtu anaambiwa habari ya magari, anauliza hali ya mjane.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzima ofisini sikuchora ramani hata moja. Nimechora jedwali.

Toleo la kwanza: taa za duara, bampa za kromu, injini ndogo, kabureta mbili, jepesi kama unyoya. Toleo la pili: injini kubwa, pua ndefu, bampa za mpira mweusi, na hapo ndipo uzuri ulipoanza kuondoka. Toleo la tatu: madirisha ya umeme, kiyoyozi, viti vipana. Gari la mtu anayevaa soksi kitandani.

Jibu liko wazi. La kwanza. Mwanamume mwenye jicho hawezi kuchagua jingine. Tatizo ni kwamba hata shemeji ana macho mawili, na bahati mbaya yanafanya kazi.

Saa tisa mkuu wa idara aliniita. Jedwali langu lilikuwa limechanganyika na michoro ya viwanja na limemfikia mteja. Akauliza, kwa upole unaoudhi, ni kwa nini kiwanja namba kumi na nne kina kabureta mbili. Nikamjibu kwamba ni kosa la karani. Karani yuko likizo tangu mwezi uliopita. Mkuu akanitazama kwa muda. Sipendi mtu anayetazama kwa muda.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa fundi anayeyatunza magari ya mjane. Wanamwita Kimya. Jina limemtosha. Nilimweleza jedwali lote kwa nusu saa nzima, yeye akifunga nati. Nilipomaliza alininyanyulia macho kutoka viatuni hadi kichwani, safari ndefu kidogo kwa sababu ofisini wananiita Nguzo, akasema nichukue la tatu.

Nikamwuliza sababu. Akasema, viti.

Viti! Nimeongea habari ya historia, ya umbo, ya mlio wa injini, yeye ananiambia viti. Nikamwambia kwamba sinunui sofa. Akarudi chini ya gari. Nimeondoka nimefura. Fundi asiyejua thamani ya alichokishika hafai kushika spana.

Jambo moja alilosema ni la maana. Mjane hana haraka, na atamuuzia anayeonyesha kwamba analijua gari. Vizuri. Ninalijua kuliko wote. Kilichobaki ni kumwondoa daktari wa meno njiani.

Jumapili, 9 Machi

Mpango umekamilika. Nimeutekeleza leo mezani, mchana, shemeji alipokuja kula kwetu kama kila Jumapili. Hajawahi kukosa. Hata akiwa na mafua huja.

Nilianza mbali. Nikasema habari za hali ya hewa. Nikaingia kwenye unyevu. Kutoka unyevu nikafika kwenye kutu. Hapo nikashusha sauti, nikamwambia kama ndugu kwamba nimepata habari kwa mtu wa uhakika: lile la kwanza sakafu yake imeoza. Iliwahi kubadilishwa zamani na fundi wa ovyo, mtu wa kuunga-unga, akaziba matundu kwa bati na rangi. Ukikanyaga breki kwa nguvu unatua barabarani. Nikamshauri achukue la pili. Nikalipamba la pili hadi mwenyewe nikashangaa: injini, utulivu kwenye kona, ile pua ndefu ya heshima.

Ilimwingia! Aliweka kijiko chini. Mke wangu naye akanyanyuka kwenda kuleta maji, na jagi la maji lilikuwa mezani, limejaa.

Shemeji akaniuliza mara moja tu kama huyo mtu wangu ana uhakika kuhusu fundi wa sakafu. Nikasema uhakika mtupu. Akaaga mapema, hakumaliza chakula. Nikala chake.

Jumanne, 11 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Ninaandika kwa sababu nikinyamaza nitapasuka.

Nimekwenda kwa mjane baada ya kazi, nimevaa glavu za ngozi za kuendeshea. Bibi mwenye miaka sabini na kitu, mnyoofu kama rula. Alinikaribisha vizuri. Kisha akasema amesikia kwamba sakafu ya la kwanza imeoza, kwa hiyo jana ameita fundi, wamenyanyua zulia lote, wakagonga sakafu kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma. Nzima. Imara kuliko siku ilipotoka kiwandani. Akaniuliza kama ninajua nani alieneza maneno hayo. Nikasema mji huu umejaa watu wabaya. Akasema ndiyo.

Nikaomba nikae ndani. Nilitaka aone ninavyolijua gari. Fundi Kimya alikuwa pembeni. Akafungua mdomo, akaufunga. Angeweza kunionya! Kumbe alinyamaza makusudi.

Nimeingiza mguu wa kulia, kisha kichwa, kisha kiwiliwili, kisha nimevuta mguu wa kushoto kwa mikono miwili. Nimo. Kwa dakika moja nilikuwa mtu mwenye furaha. Usukani wa mbao. Harufu ya ngozi. Kisha nikataka kukanyaga klachi, goti likapanda, likabana chini ya usukani, jingine likaegemea honi.

Honi ya gari lile ni nzima kabisa. Naweza kuthibitisha. Imelia mfululizo hadi majirani wakatoka. Kadiri nilivyojinasua ndivyo ilivyolia. Mjane akaziba masikio, akaniambia, "Mwanangu, tulia." Nitulie vipi na goti langu ndilo linalopiga honi? Kimya akatenganisha waya wa betri. Kimya kikatanda. Kisha akafungua mlango, akafungua boliti nne za kiti, akaondoa usukani, akamwita dereva wa gari la takataka lililokuwa linapita amsaidie. Wakanivuta nje pamoja na kiti.

Nimewekwa uani, nimekaa kitini, magoti kifuani, glavu mikononi, mbele ya majirani kumi na tisa. Nimewahesabu.

Na nani anaingia getini wakati huohuo na koti lake jeupe la kliniki? Shemeji. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Angecheka ningekuwa na la kumjibu. Alinipa mkono tu nisimame.

Jumatano, 12 Machi

Usingizi hakuna. Goti limevimba. Nimefikiri kwa utulivu na haki, nikafikia ukweli: toleo la kwanza limeundwa vibaya. Haliwezi kuwa gari bora iwapo halimkubali mtu mzima. Wahandisi wale walilichora kwa ajili ya watoto. Kromu ni mapambo tu. Kabureta mbili ni usumbufu mara mbili.

Bora ni la pili! Siku zote limekuwa la pili. Nikikumbuka vizuri, hata Jumapili mezani nilipolieleza nilikuwa nasema ukweli bila kujua. Injini kubwa. Pua ndefu. Na nafasi ya miguu imeongezwa sentimita sita, nimepima kwenye picha.

Nimefuta jedwali, nimechora jipya. Safari hii nimelifungia kwenye droo, mkuu asipate cha kutazama.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nimefika geti la kijani saa nane mchana. La pili halipo. Mahali pake doa la mafuta.

Mjane akaniambia limenunuliwa jana na daktari wa meno. Nilishika ukuta. Akasema daktari alikuja kutazama tu, lakini kuna mtu alikuwa amemsifia la pili kwa maneno mazuri mno, ndipo akalijaribu, akazunguka nalo mtaa mara tatu, akarudi anacheka peke yake. Bibi akasema amefurahi, kwa sababu tangu mumewe afariki hakuna aliyewahi kushuka kwenye gari lile akicheka.

Nikasema basi nipe la tatu. Akasema hilo ni lake. Lina kiyoyozi.

Nikasema basi, kwa heshima ya marehemu, nitalichukua la kwanza hivyo hivyo, nitakata kiti. Bibi akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali la ukurasa mwingine.

"La kwanza limekwenda tangu juzi," akasema. "Amelichukua mkeo."

Nimetembea hadi nyumbani sikuona barabara. Mke wangu alikuwa amerudi kutoka shuleni, amekaa barazani, amevua viatu. Nimemwuliza kwa sauti ambayo majirani wamesikia. Yeye hakupandisha yake.

Ameniambia hivi. Baba yake, mkwe wangu marehemu, alikuwa fundi bodi wa magari. Hilo nalijua. Nisilolijua ni kwamba kwa miaka kumi na minne alifanya kazi kwa mhandisi, uani kwenye geti la kijani. Sakafu ya la kwanza ndiye aliyeibadilisha, kwa mikono yake, mwezi mzima, na Jumatatu waliponyanyua zulia walikuta pembeni herufi za jina lake alizozigonga kwa patasi. Shemeji alilia pale uani, daktari mzima. Mke wangu alifundishwa kuendesha ndani ya gari hilo akiwa na miaka kumi na saba, baba yake kando, mhandisi na mkewe wamesimama ngazini wanapiga makofi. Mwaka jana mjane alimwambia kwamba akiamua kuuza, la kwanza ni lake. Amelinunua kwa akiba ya masomo ya jioni aliyofundisha miaka sita.

Fundi wa ovyo. Mtu wa kuunga-unga. Nilisema hayo mezani mbele ya mke wangu na kaka yake, watoto wake wawili.

Nikamwambia angeniambia.

"Ningekuambia, mume wangu," akasema. "Miaka kumi na moja tumepita pale pamoja, wewe ukichungulia upande wako na mimi upande wangu. Hukuniuliza hata siku moja mimi natazama nini."

Akaingia ndani kupika. Nimebaki barazani na viatu vyake.

Jumapili, 16 Machi

Shemeji amekuja kama kawaida. Nilimsubiri getini, nikamwambia kwamba kuhusu lile neno la sakafu, mtu wangu wa uhakika hakuwa na uhakika. Akanijibu kwamba anamfahamu mtu huyo, na amekwisha kumsamehe. Kisha akanishukuru kwa ushauri wa la pili! Kwa moyo safi! Hakuna adhabu kama hiyo.

Mchana mke wangu akaniambia tutoke kidogo. Akakunja paa la turubai la gari lake. Kiti cha abiria kimesukumwa nyuma hadi mwisho, Kimya amekitengeneza bila kuombwa. Hata hivyo kichwa changu kimepita juu ya kioo na upepo wote ni wangu. Nimemeza wadudu wawili. Yeye anabadilisha gia kama anayefungua na kufunga kitabu, hatazami mkono. Kwenye kona ya mteremko alicheka. Nimeishi naye miaka yote hii na sikuwahi kuusikia mcheko huo, ni wa msichana. Nilihisi kitu kooni. Nadhani ni mdudu wa tatu.

Tumerudi. Macho yamevimba kwa upepo. Nimejifungia chumbani nitafakari yote yaliyotokea wiki mbili hizi, kwa dhati, bila kujionea huruma.

Nimetafakari. Kosa lilikuwa kuchelewa.

Kwa maana mfamasia wa kona ameniambia leo kwamba mpwa wake anauza pikipiki za Kiitaliano za zamani. Mbili. Moja ina taa juu ya usukani, nyingine ina taa juu ya tairi. Pikipiki haina paa, haina dashibodi, mtu ananyoosha miguu atakavyo. Ya taa juu ya tairi ndiyo bora, mwenye jicho anaona. Lakini mfamasia ana mkwewe, mkaguzi wa mizani ya malori, na huyo nasikia anafikiria kuitazama.

Kesho mapema nitapita kwenye mizani. Nitaanza mbali. Nitaanza na habari za barabara mbovu.