Raporo Tatu za Ketsia

Jumanne, tarehe 10 mwezi wa pili

Mujukuu wangu Ketsia ametoka ku masomo na karatasi. Si bulletin. Bulletin naijua: pourcent, nafasi, wino mwekundu kama kuna aibu, sinyature, basi. Hii ni karatasi nzima ya maneno. Mwalimu Félicien ameleta mupango mupya. Kila mwisho wa periode anawaandikia wazazi raporo: mutoto anajua nini, kinamushinda nini, na nyumbani wamusaidie namna gani.

Nimesoma mara mbili. Mimi nilifika mwaka wa ine, lakini wakati ule mwaka wa ine ulikuwa mwaka wa ine kweli.

Anasema Ketsia anasoma vizuri kwa sauti. Sawa. Anasema kugawanya kunamushinda, anakimbilia jibu. Anasema kila Ijumaa anachelewa. Ijumaa tunapeleka kwanza makala sokoni, makaa ya watu ya kupikia! Mwalimu anataka makala yatembee yenyewe? Halafu ile ya kusaidia: nyumbani tumuombe agawanye vitu, kama viazi ao ndizi, kwa watu wanaokula. Kuniambia mimi! Mimi niliyegawanya sufuria moja kwa watu kumi na mbili tulipokimbia vita kutoka Gety, na hakuna aliyenung'unika!

Lakini shida si hiyo. Shida ni Claire, binti yangu, mama ya Ketsia. Iko na duka kule Niania. Siku ya Noeli, Claire alisema hesabu ikimushinda mutoto tena, atakuja kumuchukua, amufundishe mwenyewe. Huyu mutoto nimemulea tangu hana meno. Akienda, nitamugombeza nani?

Karatasi nimeificha ndani ya mufuko wa maharagi.

Jumatano, tarehe 11

Nimevaa kikwembe cha Pasaka, nimebeba kuku, nimeenda ku masomo. Si rushwa. Ni kuku.

Nimemwambia Mwalimu Félicien afute ile ya kugawanya, aandike kwamba Ketsia hana shida. Amenipa kiti. Amenipa mayi ya kunywa. Ameniita mama kila baada ya maneno mawili. Na amekataa. Amesema hii karatasi si ya kusifu wala ya kushitaki, ni ya kusaidia. Nimemuuliza tangu lini hesabu inasaidiwa na viazi. Amecheka. Ana meno mazuri, hiyo naikubali.

Wakati huo kuku amekata kamba, ameingia kalasi ya mwaka wa kwanza. Watoto makumi sita wamemufukuza. Nimerudi naye nyumbani, lakini mukia umebaki kule.

Mwalimu amesema nami niko na ruhusa ya kuandika, kuna mistari ya muzazi chini ya karatasi. Mistari mitatu! Mimi hata kusalimia hainitoshi.

Ijumaa, tarehe 13

Makala kwanza, masomo baadaye. Kisha nimekaa, nimeandika raporo yangu mwenyewe. Nimechana ukurasa mu kaye ya Ketsia, daftari yake ya masomo:

"Ketsia anajua kusoma. Anajua kugawanya, kuongeza, kupunguza na zile zingine. Mwalimu akikwama, anamuuliza yeye. Hakuna kitu kimebaki cha kumufundisha. Ni mimi tate yake, mama ya mama yake, niliyemulea."

Jirani yangu Régine iko na telefone ya kupiga picha. Kabla ya kupiga alisoma, na mimi sikumuomba asome. Aliniuliza kama ni kweli mwalimu anauliza mutoto wa miaka kenda. Nimemujibu kwamba wajukuu wake wanne hakuna mutu aliyewauliza hata saa. Amepiga. Picha imeenda Niania.

Nimekula vizuri leo.

Jumapili, tarehe 15

Tulipotoka kanisani, sauti ya Claire ikaingia ku telefone ya Régine. Régine ameifungulia uwanja wote usikie.

Claire anafurahi. Anamushukuru Mungu. Anasema kama mutoto amemaliza hesabu yote, hapa kwetu Bunia hakuna tena cha kumupa. Atakuja juma hili kumuchukua. Kule ataingia mwaka wa tano moja kwa moja, na mangaribi atamusaidia kuhesabu vitu vya duka.

Régine amenipa mukono wa pongezi. Mukono mwingine aliziba nao kicheko.

Jumatatu, tarehe 16

Mutu mwenye akili anageuza nguo akiona imechafuka upande mumoja. Nimeandika raporo ya pili:

"Nilikosea. Ketsia hajui kitu. Moja na moja anatafuta. Ni muvivu, analala akisimama. Anaiba sukari. Duka ikikaa na mutoto wa namna hii, itafungwa kwa siku mbili."

Régine amepiga picha bila kuuliza kitu. Anapenda sana kazi hii sasa.

Jibu limefika kabla maharagi hayajachemka. Claire analia. Anasema kumbe mutoto wake anapotea, anahitaji mama yake, kesho mapema anapanda gari. Nikimusifu, Niania. Nikimuchafua, Niania. Huyu binti nilimuzaa namna gani?

Mubaya zaidi, karatasi niliiacha ku meza. Ketsia ameisoma yote, kwa sauti, bila kukwama, vile mwalimu alisema. Halafu ameniuliza polepole: "Tate, mimi naiba sukari?"

Nimemwambia ni mambo ya watu wakubwa. Hakula. Nimemupa sukari mukononi. Hakuipokea.

Jumatano, tarehe 18

Claire amefika na vumbi ya barabara mpaka ndani ya masikio. Kabla ya kunawa ameweka picha zote mbili mbele yangu, ameuliza mutoto wake ni huyu ao ni yule. Nimesema ni wote wawili, inategemea siku.

Ketsia akasimama. Hakuna aliyemutuma. Ameingiza mukono mu mufuko wa maharagi, ametoa karatasi ya mwalimu. Ni yeye anayechagua maharagi kila siku, hiyo nilisahau.

Claire ameisoma akisimama. Kisha amekaa, ameisoma tena. Nimemwambia asiiamini, yule mwalimu kichwa chake kimejaa viazi. Amenigeuzia mugongo. Watoto wa leo hawana adabu.

Alhamisi, tarehe 19

Claire ameenda kumuona mwalimu. Amekawia. Nimesugua sufuria moja mara tatu. Nimekunja nguo za Ketsia, nikazikunjua, nikazikunja tena. Nguo yake, ile robo ya buluu, imekuwa fupi. Nitamushonea ingine, kama atabaki hapa.

Amerudi saa sita. Mwalimu amemuonyesha kaye, amemuonyesha kosa kwa kosa. Amesema Ketsia ameanza tu kuelewa, akibadilisha mwalimu katikati ya mwaka atarudi nyuma. Kwa hiyo anabaki hapa mpaka mwaka uishe. Ila Ijumaa ni masomo kwanza, makala niyabebe mwenyewe. Na kila raporo ya mwalimu iende Niania vile iko.

Kisha Claire amenishika bega. "Mama, ungenitumia hii karatasi siku ya kwanza, ningeona mutoto anasaidiwa, mimi singetoka Niania."

Nimetoka inje kuangalia kuku. Nimekaa naye kidogo. Moshi ilikuwa mingi, iliniingia mu macho. Ketsia amekuja, amekaa karibu. Hata jikoni hapakuwa na moto, lakini moshi inatoka popote.

Jumamosi, tarehe 21

Claire amerudi Niania asubui. Nyumba imenyamaza. Ketsia anacheza kwa Régine.

Nimefikiri yale maneno yake. Angepata karatasi ya mwalimu, hangetoka Niania. Yeye mwenyewe amesema! Basi ni nani alimutoa? Ni raporo zangu mbili! Amelala hapa siku tatu. Amenisuka nywele. Amekula sombe yangu, yale majani ya muhogo, mara ine. Ile karatasi ya mwalimu ingemuleta lini? Haingemuleta.

Na mimi niko na mwana mwingine, Aimé, iko Gety. Mvua mbili zimepita hajakanyaga hapa, kila mara ni shamba, shamba. Nimechana ukurasa mwingine. Safari hii nimefuata namna ya Mwalimu Félicien, sehemu tatu, hata yeye angenipongeza:

"Raporo ya mama yako. Anachoweza: kusali. Kinachomushinda: kutembea, kusimama, kuona, kumeza. Namna ya kumusaidia: kuja, na mbuzi kama inawezekana."

Nitamaliza kuandika baadaye. Namuona Régine kule mbali ku kona, anaenda sokoni na telefone mukononi, na mimi sombe bado iko mu mudomo wangu. Nikikimbia nitamufikia.