Laptopu Iliyosafiri na Nguru

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika mchana kweupe, mbele ya watu watatu na mamangu mzazi.

Saa nne asubuhi nilikuwa na mahojiano ya kazi kwa video: msimamizi wa chumba cha kompyuta katika skuli moja hapa Maskati. Miezi minane natafuta kazi! Laptopu yangu ilikuwa kwa fundi Matrah, na kazi zote za kuwaonesha zimo ndani yake. Shemegi yangu Nasor, mume wa dada, huchukua samaki Sidab kwa gari la baridi. Akajitolea kuipitia na kuniletea hadi nyumbani Mabela.

Saa tatu na dakika kumi huyo mlangoni. Nikamshukuru weee. Nikaishika laptopu. Yarabi! Baridi kama imetoka friza.

"Shemegi, uliiweka wapi?"

"Nyuma, pamoja na nguru. Mbele jua lingeiunguza."

(Hasira zikapanda, zikashuka. Mtu kaionea huruma laptopu yangu, nimwambie nini? Sie wa huku tunaogopa joto tu.)

Nikaifungua papo hapo, mlango wa jikoni wazi, wali unatokota. Kufumba na kufumbua ikatoka jasho! Matone kwenye kioo, matone kwenye vitufe. Nafuta kwa kanga, yanarudi.

"Iwashe, itajikausha yenyewe," akasema Nasor, akaenda zake na samaki wake.

Kidole kishafika kwenye kitufe, mama akapiga ukelele kutoka jikoni.

"We Zuwena! Toa mkono! Miwani yangu nikitoka dukani kwenye kiyoyozi si hupiga ukungu? Basi na ndani ya hiyo mna maji vivyo hivyo. Iache ipate joto yenyewe, taratibu."

Ipate joto. Mie nikasikia hilo tu. (Shahada ya kompyuta n'nayo, imetundikwa ukutani.) Mama alipogeuka, nikatia makaa na udi kwenye chetezo. Nguo zetu si tunazitandaza juu ya kile kitundu cha miti kinachofunika chetezo, moshi chini, zikatoka kavu na zinanukia? Na shombo la samaki lingeondoka. Nikaipandisha laptopu juu, nikaifunika kanga.

Saa nne nikaingia kwenye mahojiano kwa simu. Watu watatu, Kiarabu kitupu, mwenyekiti bibi wa makamo, uso mkavu. Naeleza vizuri tu namna ya kutunza vifaa (wallahi, hapo hapo kwenye kutunza vifaa!) akaniuliza, "Nyuma yako kunaungua?"

Sijajibu, mama kaingia. Akaifunua kanga.

"Zuwena! Nimekwambia uiache, we unaifukiza udi? Inaolewa leo? Na hao wakikuuliza kompyuta ilopigwa na baridi hufanywa nini, utawajibu upumbavu huu?"

Nikatabasamu. Nikajipa moyo kwamba Kiswahili hawakijui. Nikawaambia kwa Kiarabu, "Mama ananiombea dua."

Yule bibi akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka:

"Swali la mama zuri. Hebu lijibu."

Nilitamani ardhi ipasuke! Nikajibu: haiwashwi, haifunguliwi. Inaachwa ndani ya mfuko uliofungwa barabara mpaka ipate joto la chumba, maji yakae juu ya mfuko, yasiingie mashineni. Akaandika kitu, akanambia kazi zangu nizitume jioni.

Nikaitoa kwenye moshi, nikaiacha. Saa kumi nikaiwasha nimefumba macho. Ikawaka! Alhamdulillahi, nililia, nikawatumia kazi zangu. Nikambusu mama mkono, maana bila ukelele wake ningeiua mwenyewe. Nasor nikampigia nikamshukuru tena, kwa moyo mmoja. Mwenzangu kajisumbua kwa ajili yangu.

Sasa hivi skuli wamepiga simu. Nianze Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huku kwetu. Halafu mwenyekiti kauliza, kwa adabu kabisa, kama mama naye anatafuta kazi.