Mlima wa Mkunga

Walimwita Msasa, kwa kuwa hapakuwa na mtu mgumu ambaye hakuweza kumlainisha kwa maneno. Asubuhi hiyo alikuwa akipita nyuma ya nyumba za wastaafu, akitafuta riziki iliyoachwa bila mlinzi, alipoona usukani wa pikipiki ukimeremeta chini ya turubai. Mwenye mali, mkunga mstaafu, alikuwa amechuchumaa bustanini akigombana na udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama unauza dawa ya mende, nimeshanunua."

"Mimi ni mtu wa maua tu, mama."

Mkunga akainua uso. Dada yake mkubwa alikuwa anakuja baada ya wiki mbili, na dada huyo alikuwa amefanikiwa kuotesha nyumbani ua la buluu la mlimani, lile linalojiotea kwenye nyufa za miamba huko juu. Tangu hapo familia haikupumua kwa majigambo yake.

"Likichanua na kwangu kabla hajafika," alisema mkunga, "hata ile pikipiki ya marehemu mume wangu naitoa. Mimi siipandi."

Msasa alitazama mawingu. Kanuni ya kwanza ya kazi yake ilikuwa kutokodolea macho kitu unachokitaka.

"Ya pikipiki tuyaache, mama. Ua kwanza."

Kesho yake alileta mche kwenye kopo. Alikuwa ameung'oa kwenye mtaro nyuma ya gereji na kuuosha jani kwa jani.

"Kuna mtu ameshuka nao kwa miguu, usiku kucha."

"Mbona unanuka dizeli?"

"Huko juu hewa ni nyembamba, mama. Mmea unashika harufu yoyote."

Mkunga aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelimika. "Na upandwe wapi, mtaalamu?"

Msasa alitaka kuonekana anajua, kwa hiyo mdomo ulitangulia akili. "Mbolea hautaki. Unataka mawe, changarawe na mteremko, maji yasituame."

"Kweli kabisa. Sasa huo mlima nani atanijengea?"

Wote wawili walitazama huku na huku. Mtaalamu alikuwa mmoja tu.

Siku tisa Msasa alisukuma toroli la mawe. Viganja vilitoka malengelenge, mgongo ukalia kama mlango wa stoo. Kila alipotaka kutoroka aliliona turubai, akapata nguvu. Mkunga alikaa kivulini na kikombe chake.

"Hilo kubwa, mwanangu, lisogeze kushoto. Aa, kumbe lilikuwa zuri palepale."

Gugu lile la mtaroni lilipandwa kileleni, likastawi bila haya. Siku ya kumi Msasa alikata ua la buluu kwenye mapambo ya ukumbi wa harusi, akalifunga juu yake kwa uzi wa kijani. Mkunga alivaa miwani. Akalitazama ua, kisha akalitazama fundo. Miaka arobaini alifunga vitovu vya watoto wa watu; fundo alilijua.

"Limechanua," alisema. "Chukua pikipiki yako."

Msasa aliisukuma mbio, na turubai lake, hadi kona ya pili. Akafunua. Usukani ulikuwepo, taa ilikuwepo, kiti kilikuwepo. Katikati palikuwa na hewa.

Akairudisha, jasho likimtoka.

"Mama, haina injini."

"Tuliiuza marehemu akiwa hai. Alikuwa akiipanda hivyohivyo, na kofia kichwani."

"Ulisema pikipiki."

"Na wewe ulisema ua."

Gugu lilikuwa limeshang'olewa na kutupwa chini. Mkunga alikuwa amepiga magoti kileleni, akishindilia changarawe kwenye shina la mche mdogo wenye kitumba kimoja cha buluu.

"Dada aliniletea mitatu mwaka jana, apate kunicheka. Miwili ilioza kwenye mbolea. Huu ndio wa mwisho, na mimi mawe siyawezi tena." Akampa kikombe cha maji. "Kunywa, mwanangu. Halafu lile jiwe la juu limelala vibaya."

Msasa alikunywa maji yote. Alilitazama jiwe, akaitazama pikipiki, akakunja mikono ya shati.

"Kushoto au kulia?"