Miguu ya Mama

Leo nimevuliwa nguo, jamaa, na kanzu ninayo mwilini! Nawaandikia nyinyi wa Kilwa kabla hamjaletewa na wengine, maana huko Chole habari imekwisha ingia kila jiko.

Mnajua ninavyomtaka Zuhura. Miezi minne mshenga wangu anakwenda na kurudi. Jana baba yake, Bwana Nasor wa Chole, akasema niende mwenyewe, anione. Basi leo tangu alfajiri mama ananifukizia kanzu udi, hapa kwetu Utende, akanisindikiza mpaka mtumbwini kwa dua. (Dua zote zile!)

Sura yangu ni ya marehemu baba, Mwarabu mtupu: pua yake, nywele zake. Miguu tu ndiyo niliyochukua kwa mama. Kidole cha pili na cha tatu vimeshikana hadi kwenye kucha, kama vya babu mzaa mama, kama vya mjomba Makame. Ndugu yangu Seif, baba mmoja mama mmoja, amefanana na mama kwa rangi na uso, lakini vidole vyake kila kimoja kivyake. Ndivyo tulivyogawiwa, na sikuulizwa.

Makubazi nikayaacha mlangoni kwa Bwana Nasor. Nikakaa mkekani, miguu nimeifunika kwa kanzu (kama mwari!).

"Mama yako wa wapi?" akauliza Bwana Nasor.

"Wa Maskati," nikajibu. Nikaogopa asije akataka kumwona, nikaongeza: "Lakini ni marehemu."

"Mungu amrehemu."

"Amina." (Nikaitikia! Kanzu bado inanukia udi wake!)

Akaagiza madafu. Sasa, mjomba wangu ni mkwezi, anakwea minazi ya watu Utende na Chole. Kwamba leo yuko juu ya mnazi wa Bwana Nasor, hapo hapo uani, sikujua. Akaja kifua wazi, dafu kila mkono, akasimama ukingoni mwa mkeka. Mwili wangu ukainuka wenyewe, kama nilivyofunzwa utotoni.

"Shika..." Nikashtuka. "Shika dafu vizuri, wewe, linamwagika!"

"Marahaba," akaitikia mjomba, kwa mazoea.

Bwana Nasor akatutazama nyuso, haoni kitu. Akatazama chini. Miguu minne, vidole vimeshikana vile vile.

"Ajabu," akasema. "Fundi wa Maskati na fundi wa Utende, mshono mmoja? Makame, una dada?"

Mjomba akanitazama. Sikuweza kuinua uso.

"Nilikuwa naye, bwana. Nikiwa hapo juu nimesikia ni marehemu."

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Nakijua kicheko kile. Nimekitamani miezi minne.

"Makame namjua miaka mingi," akasema Bwana Nasor. "Mpwa wake ningempa binti yangu bila neno. Lakini wewe mama yako umemzika akiwa mzima. Mimi mkwe utanizika lini?"

Nikatoka hata makubazi nikayasahau. Mjomba akanifuata nayo mpaka pwani, akaniwekea mtumbwini. Hakunitukana. Bora angenitukana. Alisema tu, "Nenda, dada amepika."

Chekeni, nimestahili. Ila chekeeni huko huko Kilwa, msije na habari hizi Utende: hapa marehemu anapakua pilau, ananiuliza harusi lini.