Matairi ya Meno Marefu

Jumatatu, 3 Juni
Bosi Jethmal kanipa kazi ya watu wazima: kuchagua matairi mapya ya tingatinga la kupakia mawe. Mimi! Si shemeji Ummaid, kaka wa mke wangu, msimamizi wa mitambo, anayetembea mji wetu mzima wa Makrana kama aliyechimba marumaru yote kwa kucha zake. Nikipatia, umeneja wa machimbo ni wangu. Ummaid hana habari. Raha iliyoje!

Jumanne, 4 Juni
Habari anazo. Mke wangu Sugni kamwambia! Kaja wakati wa chakula, kamaliza mikate ya uwele, kisha kaanza kunifundisha. Eti kule chini shimoni mawe yanakata kama wembe. Linatakiwa tairi lenye mpira mnene, uso karibu laini, ubavu mgumu. Meno marefu ni ya matope. Nikamuuliza kama anataka bosi anunue vipara. Nilitegemea Sugni acheke. Akamwongezea kaka yake samli.

Alhamisi, 6 Juni
Ummaid akiwa shimoni, nimempeleka bosi kwa muuzaji. Werevu mtupu! Mlangoni limesimama tairi refu kuliko bosi, meno kama ya mamba. Bosi kapiga nalo picha, kidevu juu. Muuzaji akauliza ardhi yetu ikoje. Nikamkatiza kabla hajaharibu mambo: ardhi ni ardhi, ndugu. Tumechukua manne.

Jumatatu, 10 Juni
Yamefungwa. Tingatinga linatisha! Dereva Kheta analalamika kwamba linayumba juu ya mawe. Nimemwambia atazoea. Ummaid kaenda kumwonya bosi. Bosi kamwonyesha picha. Wivu mbaya.

Jumatano, 12 Juni
Balaa. Kheta alikuwa anapanda njia ya kutokea shimoni na bonge la marumaru. Jiwe likachana ubavu wa tairi la mbele. Mlipuko! Tingatinga likainama kuelekea shimoni, bonge likaporomoka. Bahati tu, chini hapakuwa na mtu. Kheta kaganda kitini, mikono kwenye usukani. Mimi nilisimama mbali nikipaza sauti kutoa maelekezo. Hakuna aliyenisikiliza. Ummaid akapanda tingatinga kwa upande wa juu, taratibu, akimsemesha: “Niangalie mimi, Kheta. Mimi tu. Achia usukani, mdogo wangu.” Akamvuta nje. Kheta akakaa mavumbini akalia. Mimi nikaenda kukaa kivulini. Joto hilo.

Alhamisi, 13 Juni
Njia imeziba, malori yamekwama shimoni, bosi kaniita. Nilikuwa na mpango: lawama zote kwa jiwe. Nikaeleza kwamba lile halikuwa jiwe la kawaida. Bosi akaniuliza kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu: “Kwenye machimbo ya mawe, Ghevar, ulitegemea tukute nini? Mito ya kulalia?” Umeneja kapewa Ummaid. Keshaagiza vipara vyake. Sugni kapika vyakula vya harusi.

Jumapili, 16 Juni
Nimetafakari kwa unyenyekevu. Kumbe bosi bado ananiamini kidogo: mvua zinakaribia, kaniachia nichague pampu ya kutoa maji shimoni. Ummaid katuma ujumbe kwamba nianze kwa kupima kina cha shimo. Nani ana muda huo? Nimempigia muuzaji wa pampu nikamuuliza swali moja tu la kitaalamu: ipo ya rangi ya dhahabu?