Mkenya wa Siku Kumi na Moja

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa aliyeshindwa kufika, msaidizi wa mwakilishi huyo, machifu mliopo na mlio njiani, wachungaji, akina mama wa vikundi, ndugu wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei, waendesha boda boda mliozima injini na nyinyi mliokataa kuzima: ejok! (Ejok-noi!) Hiyo ni salamu ya watu ambao hawajanywa chai. Ejok! (Ejok-noooi!)

Mimi ni Daktari Mtarajiwa Cornelius Kiprop, Mratibu Mkuu wa Programu Jumuishi ya Mkakati wa Kikapu Kaskazini, na nimetoka Lodwar alfajiri, nikala vumbi la kutosha, ili nisimame hapa katika uwanja huu wa kisasa wa mpira wa kikapu niwaeleze kwa lugha nyepesi kwamba, kufuatia upembuzi yakinifu, wakishopu saba na mashauriano na mastekiholda wote niliowakuta hotelini, imebainika kisayansi kuwa timu yetu ya taifa inakabiliwa na changamoto ya kimo. (Kicheko. Nusu ya waliohudhuria wameinamisha vichwa ili waenee chini ya hema.)

Ndipo Programu, chini ya uongozi wangu na kwa hekima yangu, ikamtambua Bwana Dexter wa ng'ambo, futi saba bila viatu, ambaye kwa utaratibu niliobuni mwenyewe atapewa uraia kwa siku kumi na moja tu, sawa na asilimia mia moja na nne ya lengo. Wapo wanaouliza: je, mgeni avae jezi ya taifa? Nami nawauliza, mgeni ni nani? Mtu akiipenda Kenya moyoni, hata kama bado anaitafuta kwenye ramani, huyo ni mwenzetu. Michezo haina mipaka! (Makofi ya mpigo mmoja. Msichana wa safu ya mbele anainua mkono.)

Ndiyo, binti yangu. Simama. Endelea kusimama. Basi, inatosha, shingo yangu inauma.

("Jina langu ni Nyachuol. Mimi nimezaliwa hapa hapa Kakuma, sasa niko miaka kumi na tisa. Kocha wa taifa aliniona nikicheza, akasema nijaze fomu ya uraia. Nikakupatia wewe, mwaka juzi. Kocha amerudi leo kuchukua fomu, na ndege yake inaondoka saa kumi na moja jioni. Fomu yangu iko wapi?")

Swali zuri sana, ndiyo maana sitalijibu haraka. Nyachuol, suala lako ni tofauti. Wazazi wako waliingia kwa miguu pale mpakani Nadapal, Dexter ataingia kwa ndege. Hayo ni mambo mawili. Wewe ni mgeni wetu wa siku nyingi, na mgeni wa siku nyingi lazima achunguzwe siku nyingi, ilhali Dexter hatujamwona hata mara moja, kwa hiyo hana doa lolote.

(Mama Akoru, mwenye mbuzi wengi na subira kidogo, anapaza sauti: "Wewe Kiprop! Huyu mtoto amekunywa maziwa ya mbuzi yangu, amechimba maji na watoto yangu kwa lagga, ile mto kavu, ananisalimia Kiturkana. Wewe hata ejok unasoma kwa karatasi!" Vigelegele.)

Mama, nakuheshimu, ila tufuate protokali. Fomu ya binti huyu iko salama, iko katika mchakato, tena iko ngazi ya juu kabisa. Sasa nikiendelea na ukurasa wa pili: "Jina la mwombaji: Nyachuol. Mahali alipozaliwa: Kakuma. Sababu ya kuomba: nataka kuchezea nchi ninayoijua, sina nyingine." (Kiprop anaigeuza karatasi upesi.) Samahani. Huo ni upande mwingine. Karatasi ziliadimika, na hotuba ilikuwa ndefu.

Tumalize kwa nguvu! Nikisema kikapu, semeni juu. Kikapu! (Mbuzi mmoja analia.) Kimo! ("Juu," anajibu dereva wake.)

Sasa shukrani. Namshukuru fundi Nathan aliyechora mistari ya uwanja huu asubuhi kwa unga. Naomba mbuzi wafukuzwe, wamesharamba nusu ya uwanja. Namshukuru Nyachuol kwa kutuazima ringi yake ya kikapu, hiyo iliyo mtini, tupigie picha. Namshukuru Bwana Dexter, popote alipo, ambaye nitamwandikia barua ya kumjulisha haya yote mara nitakapopata anwani yake. Na nyote mliojitokeza kuizindua Programu, asanteni sana. Nitaisajili nikishapata ofisi, maana kwa sasa ni mimi na mkoba huu.

(Nyachuol ameshaing'oa ringi yake mtini, amelikwea jukwaa, mkono mbele. "Nipe fomu yangu, Mheshimiwa. Saa ni kumi na nusu. Pikipiki inaningoja inipeleke kwa kocha.")

Binti yangu, ningekupa kwa moyo mkunjufu kabisa. Lakini hotuba hii naisoma tena kesho Lodwar.